Ghala, Kibaba na Juzuu: Somo la Kupanga Diski Nyumbufu katika Mfumo wa Linux na Suala la Istilahi

Ikisiri

Makala haya yanafafanua jinsi ya kupanga nafasi ya kuhifadhia data katika tarakilishi inayotumia mfumo endeshi wa Linux, kwa njia inayoruhusu nafasi hiyo kuongezwa, kupunguzwa au kuhamishwa bila kuvunja mpangilio wa awali. Maelezo yanatolewa kwa Kiswahili, na istilahi zinazotumika zinatetewa kwa kuzingatia kazi ya kitu badala ya umbo la neno la kigeni. Hoja kuu ni kwamba istilahi isiyotenganisha tabaka moja na jingine humfanya mwanafunzi atoe amri kwa utaratibu usiofaa, na kosa la aina hiyo huweza kuangamiza data iliyokusanywa kwa miaka mingi.

1.0 Utangulizi

Mijadala kuhusu uwezo wa Kiswahili kubeba sayansi na teknolojia si migeni kwa wasomaji wa jarida hili. Mara nyingi mijadala hiyo huishia katika orodha za istilahi. Kazi ya namna hiyo ina thamani yake. Mathalani, mwaka wa 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. Hata hivyo, orodha haithibitishi kwamba istilahi inafaa. Istilahi hupimwa darasani, pale mwanafunzi anapoitumia kutenda jambo na jambo hilo likatendeka.

Makala haya yanachukua mada moja ya kiufundi na kuifanyia jaribio hilo. Mada yenyewe ni upangaji wa diski kwa njia nyumbufu, yaani uwezo wa kubadilisha ukubwa wa maeneo ya kuhifadhia data baada ya maeneo hayo kuanza kutumika. Mada hii inaihusu taaluma yetu moja kwa moja. Idara za Kiswahili hukusanya rekodi za mahojiano ya nyanjani, masimulizi, mashairi yanayoghaniwa na picha za miswada ya kale iliyoandikwa kwa hati za Kiarabu. Rekodi ya sauti ya stereo yenye sampuli 48,000 kwa sekunde na biti 24 kwa kila sampuli huzalisha baiti 288,000 kila sekunde, ambazo ni takriban gigabaiti 1 kwa saa. Mtafiti anayerudi na saa 300 za rekodi anahitaji karibu gigabaiti 300, na hakuna anayeweza kubashiri watafiti wa mwaka ujao watarudi na kiasi gani.

2.0 Kasoro ya mipaka ya kudumu

Kwa desturi, diski hugawanywa katika vipande kabla ya kutumiwa, na kila kipande huwekewa mfumo wa faili. Kipande kina mwanzo na mwisho uliowekwa juu ya diski yenyewe. Mfano wake ni nyumba ya vyumba viwili vilivyotenganishwa kwa ukuta wa mawe. Chumba cha sauti kikijaa ilhali chumba cha miswada ni kitupu, utupu huo haumsaidii mwenye nyumba. Itambidi ahamishe vitu, abomoe ukuta na ajenge upya.

Kuna kasoro ya pili. Kipande hakiwezi kuvuka kutoka diski moja hadi nyingine. Idara ikinunua diski mpya, inapata chumba cha tatu mahali pengine wala si nafasi zaidi katika chumba kilichojaa. Matokeo yake ni kutawanya rekodi: za mwaka huu huku, za mwaka uliopita kule, na hatimaye hakuna anayejua nakala kamili iko wapi.

Wahandisi wa mifumo ya Unix ya kibiashara, kama vile AIX ya IBM na HP-UX ya Hewlett-Packard, walitatua tatizo hili kwa kuingiza tabaka jipya kati ya diski na mfumo wa faili. Katika Linux, kazi hiyo ilianzishwa na Heinz Mauelshagen mwaka wa 1998, akifuata kielelezo cha HP-UX. Toleo lake la pili, linalotumika hadi leo, hutegemea sehemu ya kiini cha Linux iliyojumuishwa katika kiini cha 2.6 kilichotolewa Desemba 2003. Programu hii hujulikana kwa kifupi kama LVM.

3.0 Matabaka na istilahi zake

3.1 Diski iliyosajiliwa

Tabaka la chini kabisa ni diski halisi inayoshikika kwa mkono, au kipande chake. Kabla ya kutumiwa na LVM, diski huandikwa alama ya utambulisho mwanzoni mwake. Katika makala haya tutaiita diski iliyosajiliwa. Kwa vile kitambulisho kimo ndani ya diski yenyewe, LVM huitambua hata ikichomekwa mahali pengine katika tarakilishi na kupewa jina tofauti.

3.2 Ghala

Diski zilizosajiliwa hukusanywa pamoja. Tafsiri sisisi ya istilahi ya Kiingereza ingetupa "kundi la majuzuu", lakini tafsiri hiyo inapotosha. Kinachokusanywa ni nafasi, na majuzuu hutolewa humo baadaye. Kitu kinachopokea mali kutoka sehemu mbalimbali, kikaichanganya na kisha kuigawa kwa wahitaji, Mswahili hukiita ghala. Mkulima akishapeleka mahindi yake ghalani haulizi tena gunia lipi lilitoka shamba lipi, ila mtunza ghala anayo daftari. LVM nayo ina daftari lake, nalo tutalirejelea baadaye.

3.3 Kibaba

Ghala hugawa nafasi kwa kipimo kimoja kisichobadilika. Kwa kawaida kipimo hicho ni megabaiti 4. Hapa Kiswahili kina neno ambalo limekuwa likingoja kazi hii: kibaba. Kibaba ni kipimo cha nafaka, na vibaba vinne hufanya pishi moja. Aghalabu wanafunzi hulijua neno hili kutokana na methali ya haba na haba. Sifa mbili za kibaba ndizo hasa tunazozihitaji: vibaba vyote hulingana, na anayepimiwa hajali kibaba chake kimechotwa upande gani wa ghala. Diski ya terabaiti 1 hutoa vibaba zaidi ya 238,000. Eneo la gigabaiti 300 lina megabaiti 307,200, hivyo huhitaji vibaba 76,800.

3.4 Juzuu dhahania

Vibaba vilivyotengwa kwa matumizi fulani huunda kitu ambacho tarakilishi hukiona kama diski nzima. Tunapendekeza kukiita juzuu. Huenda msomaji akapinga kwamba juzuu ni kitabu, kama vile juzuu la jarida hili. Hata hivyo, tukirudi kwenye asili yake ya Kiarabu, neno hilo lina maana ya sehemu ya kitu kizima, na ndiyo sababu Kurani husemwa kuwa na juzuu thelathini. Kwa maana hiyo, sehemu ya ghala ni juzuu kwa haki kamili. Neno "ujazo", ambalo baadhi ya watu wangelipendelea, hutaja kiasi na halitaji kitu chenyewe.

Vipi kuhusu kivumishi? Tafsiri ya haraka ni "ya kimantiki". Lakini mantiki ni taaluma ya kufikiri na kutoa hoja, na juzuu hili halina hoja yoyote. Kinachokusudiwa ni kwamba halishikiki, ingawa linatenda kazi kama kinachoshikika. Wanafunzi wa sarufi wana neno la dhana hiyo tayari. Nomino ya dhahania kama vile "uhuru" haionekani wala haiguswi, lakini katika sentensi huleta upatanisho wa kisarufi kama "mti" au "kiti" inavyofanya: uhuru umepatikana, mti umeanguka. Juzuu dhahania nalo hupokea amri zile zile ambazo diski halisi hupokea, ingawa hakuna pahali pamoja ndani ya tarakilishi ambapo mtu anaweza kulionyesha kwa kidole.

3.5 Mfumo wa faili

Juu ya juzuu huwekwa mfumo wa faili, ambao ndio unaojua majina ya faili na mahali zilipo. Ni lazima tusisitize kwamba mfumo wa faili si juzuu. Juzuu ni chombo, na mfumo wa faili umo ndani ya chombo hicho. Tofauti hii itakuwa na uzito mkubwa katika sehemu ya 5.0.

4.0 Hatua za kupanga

Tuchukulie kwamba idara ina seva yenye diski mbili mpya za terabaiti 1 kila moja, na inataka juzuu la sauti na juzuu la miswada. Amri zote hutolewa na mtumiaji mkuu. Katika majina ya amri, herufi pv huashiria diski iliyosajiliwa, vg huashiria ghala, na lv huashiria juzuu.

Hatua ya kwanza ni kuzitambua diski:

lsblk

Orodha itaonyesha kila diski, ukubwa wake na mahali inapotumika. Hatua hii isirukwe. Kuisajili diski yenye data ya zamani ni kuiweka data hiyo hatarini, na tofauti kati ya sdb na sda ni herufi moja tu. Tukishahakikisha kwamba diski mpya ni sdb na sdc, tunazisajili:

pvcreate /dev/sdb /dev/sdc

Hatua ya pili ni kuunda ghala. Jina lake tunalichagua wenyewe, na hakuna kinachotuzuia kulichagua kwa Kiswahili:

vgcreate ghala /dev/sdb /dev/sdc

Hatua ya tatu ni kutoa majuzuu ghalani:

lvcreate -L 300G -n sauti ghala
lvcreate -L 100G -n miswada ghala

Tumegawa gigabaiti 400 na kubakiza zaidi ya gigabaiti 1,400. Mgeni wa mfumo huu hushawishika kugawa nafasi yote siku ya kwanza. Asifanye hivyo. Juzuu hukuzwa kwa urahisi wakati wowote, lakini kulipunguza kuna hatari. Vibaba visivyogawiwa ndivyo chanzo cha unyumbufu wote tunaouzungumzia.

Hatua ya nne ni kuweka mfumo wa faili na kuupachika mahali utakapotumika:

mkfs.ext4 /dev/ghala/sauti
mkdir -p /hifadhi/sauti
mount /dev/ghala/sauti /hifadhi/sauti

Utaratibu huo huo hurudiwa kwa juzuu la miswada. Ili upachikaji ujirudie kila seva inapowashwa, mstari ufuatao huongezwa katika faili ya /etc/fstab:

/dev/ghala/sauti /hifadhi/sauti ext4 defaults 0 2

Hali ya matabaka yote matatu hukaguliwa kwa amri fupi: pvs kwa diski, vgs kwa ghala na lvs kwa majuzuu. Mwanafunzi anashauriwa kuzitoa amri hizi baada ya kila hatua na kuona jinsi nafasi inavyopungua ghalani.

5.0 Kukuza na kupunguza

Baada ya mwaka mmoja juzuu la sauti limekaribia kujaa. Tunaliongezea gigabaiti 200 kwa amri mbili:

lvextend -L +200G /dev/ghala/sauti
resize2fs /dev/ghala/sauti

Amri ya kwanza hukuza chombo. Amri ya pili huuarifu mfumo wa faili kwamba chombo kimekua, nao ukaenea kuijaza nafasi mpya. Kwa mfumo wa ext4, kazi hii hufanyika huku watu wakiendelea kusoma na kuandika faili zao. Anayeisahau amri ya pili atashangaa kuona juzuu lina gigabaiti 500 ilhali nafasi ya faili ingali 300. Kosa hilo halina madhara, kwa kuwa hurekebishwa kwa kutoa amri iliyosahaulika.

Kupunguza ni kinyume chake, na hapa kosa lina madhara. Tuseme juzuu la miswada limetumia gigabaiti 20 tu na tunataka kulipunguza hadi 60. Kwanza tunalibandua, tunaukagua mfumo wa faili, tunaupunguza, na mwishowe tunalipunguza juzuu lenyewe:

umount /hifadhi/miswada
e2fsck -f /dev/ghala/miswada
resize2fs /dev/ghala/miswada 60G
lvreduce -L 60G /dev/ghala/miswada

Anayeanza na amri ya mwisho anakikata chombo huku kilichomo kingali kimeenea hadi ukingoni. Vibaba vilivyokatwa hurudi ghalani, na vinaweza kupewa juzuu jingine na kuandikwa upya. Mfumo wa faili hubaki ukiamini kwamba sehemu hiyo ingali yake. Kanuni basi ni hii: katika kukuza, chombo hutangulia, katika kupunguza, kilichomo hutangulia.

Hapa ndipo istilahi inapothibitisha thamani yake. Mwalimu anayesema "punguza diski" amelifunika tabaka moja kwa jina la jingine. Neno "diski" kwake linaweza kuwa diski halisi, juzuu au mfumo wa faili, na mwanafunzi hana njia ya kujua lipi linatangulia. Mwalimu anayesema "punguza mfumo wa faili, kisha punguza juzuu" amefundisha utaratibu ndani ya sentensi yenyewe. Ili kurahisisha kazi, amri za lvextend na lvreduce hupokea chaguo la -r linaloshughulikia matabaka yote mawili kwa utaratibu unaofaa. Hata hivyo, asiyeujua utaratibu hatajua kwa nini chaguo hilo lipo, wala hatatambua siku alipolisahau. Ikumbukwe pia kwamba si mifumo yote ya faili inayopunguzika. Mfumo wa XFS, kwa mfano, kwa kawaida hukua tu.

6.0 Kuongeza diski na kuhamisha vibaba

Ghala lenyewe likikaribia kwisha, diski mpya husajiliwa na kuingizwa humo:

pvcreate /dev/sdd
vgextend ghala /dev/sdd

Tangu hapo nafasi ya diski hiyo inaweza kugawiwa juzuu lolote. Kasoro ya pili tuliyoitaja katika sehemu ya 2.0 imeondoka.

Kadhalika, diski iliyozeeka huweza kuondolewa bila kusimamisha huduma, mradi diski zilizobaki zina vibaba huru vya kutosha:

pvmove /dev/sdb
vgreduce ghala /dev/sdb
pvremove /dev/sdb

Amri ya kwanza hukichukua kila kibaba kilichotumika katika sdb na kukipeleka kwenye diski nyingine, kisha hurekebisha daftari. Kazi hii huweza kuchukua saa nyingi. Majuzuu huendelea kutumika wakati huo wote, na mtumiaji wa faili hajui kwamba sauti anayoisikiliza inahama kutoka diski moja hadi nyingine.

7.0 Unyumbufu si usalama

Sehemu hii inastahili kusomwa kwa makini kuliko zote zilizotangulia. Juzuu lililotandazwa juu ya diski mbili huhitaji diski zote mbili ziwe hai. Diski moja ikifa, vibaba vyake hupotea, na mfumo wa faili uliopoteza sehemu ya vibaba vyake mara nyingi hausomeki. Tuchukulie, kwa ajili ya hesabu tu, kwamba kila diski ina uwezekano wa asilimia 5 wa kufa katika mwaka mmoja. Uwezekano wa kupoteza angalau moja kati ya mbili ni karibu asilimia 10, na kati ya tatu ni zaidi ya asilimia 14. Kila diski inayoongezwa ghalani bila tahadhari huongeza hatari pamoja na nafasi.

Tahadhari ya kwanza ni kuandika kila kibaba mara mbili katika diski mbili tofauti. LVM hufanya hivyo juzuu linapoundwa kwa amri kama hii:

lvcreate --type raid1 -m 1 -L 100G -n masimulizi ghala

Juzuu la namna hii hula nafasi maradufu, lakini huendelea kufanya kazi hata diski moja ikifa.

Tahadhari ya pili ni daftari. LVM huhifadhi maelezo ya mgawanyo wa vibaba katika /etc/lvm/backup, na matoleo ya awali katika /etc/lvm/archive. Daftari likiharibika katika diski, amri ya vgcfgrestore huweza kulirejesha. Faili hizi zinakiliwe kwenye tarakilishi nyingine. Lakini daftari la ghala si mahindi: hueleza nini kilikuwa wapi, na halirudishi hata kibaba kimoja cha data.

Tahadhari ya tatu ni nakala ya akiba. Hapa LVM husaidia kwa kutoa picha ya papo ya juzuu:

lvcreate -s -L 10G -n sauti_picha /dev/ghala/sauti

Picha hiyo huonyesha juzuu lilivyokuwa wakati amri ilipotolewa, hata kama watu wanaendelea kuandika faili. Hutimiza hilo kwa kuhifadhi yaliyomo ya zamani kila yanapokaribia kubadilishwa. Kutokana na picha hiyo, nakala kamili hupelekwa kwenye mashine nyingine, kisha picha hufutwa kwa lvremove. Isiachwe ikae muda mrefu, kwani nafasi iliyotengewa ikijaa, picha hubatilika. Picha ya papo yenyewe si nakala ya akiba, maana imo katika ghala lile lile. Ghala likiungua, vyote huungua pamoja.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba upangaji nyumbufu wa diski husimama juu ya matabaka yaliyo wazi: diski iliyosajiliwa, ghala, juzuu dhahania na, juu yake, mfumo wa faili, huku kibaba kikiwa kipimo kinachoyaunganisha. Aidha, yameonyesha kwamba Kiswahili hakikuhitaji kukopa wala kuunda neno jipya kwa ajili ya ghala, kibaba wala juzuu. Kilichohitajika ni kuuliza kitu hicho kinafanya kazi gani kabla ya kuuliza Kiingereza kinakiitaje.

Istilahi hizi zinatolewa kama mapendekezo. Ipo nafasi ya kuzikosoa, na anayeona kwamba "kipande" kingefaa kuliko "juzuu" anakaribishwa kutetea hoja yake. Tunachoomba ni kwamba ukosoaji huo ufanyike kwa kipimo kile kile: mwanafunzi apewe istilahi, aketi mbele ya tarakilishi ya majaribio isiyo na data ya mtu, apunguze juzuu kisha alikuze tena. Istilahi itakayomfikisha mwisho wa zoezi na faili zake zikiwa salama ndiyo itakayostahili kuingia kamusini. Rekodi za wazee waliotuhadithia, ambao baadhi yao hawapo tena kurudia masimulizi yao, zinategemea seva kama hizi, na anayezitunza anahitaji maelekezo anayoyaelewa kikamilifu.